Ubeti wa Pili wa Zamoyoni

Kule Kiwalani, katika nyumba anayoishi Bi Zamoyoni, wapangaji wana desturi ambayo sijaiona kwingine. Akitoka chumbani kwake na kufungua kinywa, kila mwenye redio huipunguza. Hakuna aliyewaagiza. Miaka minane iliyopita alipasuliwa goita shingoni. Goita ikatoka, akapona, lakini sauti haikurudi. Kilichobaki ni mnong'ono, kama wa mtu anayekueleza jambo katikati ya msiba. Ukitaka kumsikia, unaanza kunyamaza wewe.

Zamani alikuwa mwimbaji. Siyo wa majukwaa makubwa. Aliimba harusini na kwenye unyago, Kiwalani, Temeke, mpaka Mbagala, na watu walikuwa wakiuliza kwanza kama Zamoyoni yupo ndipo waulize kama kuna pilau. Mama yangu, Mwalimu Genoveva, alikuwa mpangaji mwenzake enzi hizo. Alikuwa ametoka Songea na cheti cha ualimu, mimi mtoto wa mwaka mmoja mgongoni, na gitaa la umeme alilojifunzia kwenye kwaya. Walianza kwa kugombania kamba ya kuanikia nguo. Ugomvi ukaisha kwa wimbo: Zamoyoni akatunga maneno, mama akaweka gitaa. Mwaka 2003 wakaurekodi kwenye mashine ya parokia ya Tabata, kaseti ya njia nne. Yaani mashine ile inashika sauti nne, kila moja kwenye njia yake, na unaweza kuongeza moja leo na nyingine kesho bila kugusa zilizotangulia. Njia ya kwanza sauti ya Zamoyoni, ya pili ngoma, ya tatu gitaa. Ya nne ilibaki tupu.

Wimbo ulitoka vizuri isipokuwa gitaa. Lilinguruma kama mashine ya kusaga, mwanzo mpaka mwisho. Mama aliona aibu, akaifungia kaseti kwenye kopo la biskuti, akasema ataurudia. Tukahamia Tabata. Akasema ataurudia. Mwenzake akapasuliwa. Hakusema tena.

Mwaka huu, wiki moja baada ya Idi, Bi Zamoyoni alikuja kwetu. Nilimwamkia shikamoo, nikazima televisheni kabla hajaketi.

"Genoveva," alisema, "Nassibu wangu kapata mtoto. Ana miezi minne. Nambembeleza kwa huu mnong'ono wangu. Analala, sikatai, lakini analala kwa kuchoka, si kwa kuimbiwa. Nimekuja kuchukua sauti yangu."

Mama alijua anachotakiwa. "Ile kaseti ina mvumo, Zamoyoni. Gitaa langu baya."

"Nimekuomba gitaa mie?"

"Siwezi kukupa sauti tupu. Mjukuu atadhani bibi yake alikuwa anaita watu shambani."

Bi Zamoyoni alicheka. Akicheka, mabega ndiyo yanayocheka. "Basi lisafishe hilo gitaa lako, mwaya. Umenikalisha koponi miaka ishirini. Unanigeuza biskuti?"

Hivyo ndivyo tulivyoianza kazi. Mashine ilikuwa imekaa stoo ya parokia tangu kwaya iliponunua kompyuta, na katekista alitupa kwa moyo mweupe, tena akatusaidia kuipakia kwenye bajaji. Tulimpelekea Fundi Jabiri, mtengeneza redio wa Kiwalani, ambaye meza yake ina mizoga mingi ya redio kuliko redio nzima za duka lolote. Aliifungua, akakuta belti zimeyeyuka kama ubani uliotafunwa. Akatafuta nyingine kwenye mizoga yake. Kisha akachovya pamba kwenye spiriti na kusugua hedi, kile kichuma kidogo kinachosoma kaseti. Pamba ya kwanza ikatoka na rangi ya chai ya maziwa, ya pili na rangi ya chai ya rangi, ya saba ikatoka nyeupe.

"Sikieni, mwalimu," alisema. "Kabla ya kurekodi, safisha hedi, kila mara. Sindano ya kipimo cha sauti iguse nyekundu, isilale humo. Na gitaa likae mbali na friji, mbali na taa ya tyubu, mbali na chaja ya simu. Gitaa la umeme linasikia kila kinachopita ukutani. Ule mvumo wenu wa zamani ulikuwa friji la mtu."

"La padri," mama alisema. "Lilikuwa nyuma yangu."

Juu ya kugeuza kaseti Fundi Jabiri hakusema kitu, na sisi hatukumuuliza. Nani wa umri wa mama yangu atauliza namna ya kugeuza kaseti?

Jumamosi asubuhi tukaweka mashine mezani. Mimi nafanya kazi kwenye duka la kuchapa na kutoa kopi, kwa hiyo nyumbani kwetu mimi ndiye mjuaji wa kila chenye vitufe. Nilivaa hedifoni, mama akasikia kupitia spika ndogo. Nikabonyeza. Ikaja sauti ambayo nilikuwa nimekwisha kuisahau, nzito chini, kali juu, ya mwanamke wa miaka thelathini na kidogo asiyemwogopa mtu:

*Kamba moja twaanika, kanga yako, shuka langu;*
*wingu likitufunika, anua vyako na vyangu.*

Mama aligeukia dirishani. Gitaa lake likaingia, na mvumo nyuma yake, mmmmm, kweli friji la padri. Tukasikiliza mpaka mwisho wa ubeti wa pili, mama akaniashiria nisimamishe.

"Tujaribu gitaa kwanza," alisema. "Lakini siyo huku. Tusije tukaharibu. Igeuze, jaribia upande B, huko ni kutupu."

Mama ni mtu wa kuandika daftari mpaka ndani ya jalada. Kaseti za mahubiri zilizojaa pande mbili tunazo sanduku zima. Nami niliona amesema jambo la akili; nilikuwa karibu kulisema mwenyewe. Nikaitoa kaseti palepale ilipokuwa imesimama, nikaigeuza, nikachagua njia ya nne kwa kuwa ndiyo tuliyoizoea kuiita tupu. Nikashusha njia nyingine zote ili nisikie gitaa tu. Mama akapiga kama dakika moja. Sindano iligusa nyekundu na kurudi. Lilikuwa gitaa safi, nilipiga makofi.

Nikairudisha kaseti upande wake, nikarudi nyuma kidogo, tusikilize tena kabla ya kazi yenyewe. Ubeti wa kwanza ukapita. Ukaja mchezo wa ngoma. Palipotakiwa kuanza ubeti wa pili, sauti ya Zamoyoni haikuja. Badala yake kilikuja kitu kinachovuta pumzi kwenda ndani, noti zinazoanzia mwisho na kuvimba kurudi mwanzo, kama mtu anameza maneno. Lilikuwa gitaa la mama, likienda kinyumenyume.

Nilirudia mara tatu. Ubeti wote. Baada yake Zamoyoni alirudi kwenye kiitikio, hana habari.

Nikampigia Fundi Jabiri.

"Mmegeuza?" aliuliza. Nilisikia akiweka chini alichokishika. "Sista, mashine hiyo haina upande B. Kaseti ya kawaida utepe wake nusu ni wa kwenda, nusu wa kurudi. Hiyo yenu inatumia upana wote kwenda tu. Ukiigeuza, njia ya nne inakaa juu ya njia ya kwanza. Kosa langu, nilitakiwa kuwaambia."

"Inarudishika?"

"Kilichofutwa kimefutwa, dada."

Mama alikuwa amekaa na gitaa mapajani, mkono umelala juu ya nyuzi ili zisitoe mlio. "Nimemfuta," alisema.

"Nimebonyeza mimi."

"Nimekuamuru mimi. Mtu kabakiwa na sauti moja duniani, nami nimeifuta nikibana matumizi ya kaseti."

Nilimshauri tutumie ubeti wa kwanza mara mbili. Nina kijana kazini anayeweza kuunganisha kwenye kompyuta, hakuna atakayejua. Mama alinitazama kama alivyokuwa ananitazama nilipokuwa darasa la nne na nimenakili hesabu za mwenzangu. Tukavaa viatu, tukaenda Kiwalani.

Bi Zamoyoni alikuwa amempakata mjukuu, miguu ameinyoosha kwenye mkeka. Tulipoingia uani, redio ya mpangaji mwenzake, mama Eliaichi, ilishuka. Ndege ilipita juu ya mabati ikienda kutua uwanja wa jirani, tukangoja iishe. Kiwalani hakuna anayejaribu kushindana na ndege. Kisha mama akaeleza kila kitu, bila kujipunguzia. Nami nikaongeza yangu, kuwa kidole kilikuwa changu, na kuwa nilitaka kumdanganya kwa kurudia ubeti wa kwanza.

Bi Zamoyoni alimpa mama yule mtoto, akanyoosha mkono kutaka hedifoni. Nilikuwa nimekuja na mashine ndani ya mfuko mkubwa wa shangazi kaja. Nikachomeka, nikamwekea.

Sijawahi kumtazama mtu anayesikia sauti yake iliyokufa. Kwenye ubeti wa kwanza midomo yake ilifuata maneno, na kidevu kikapanda kama anaingia ukumbini. Ilipofika kwenye lile shimo, midomo iliendelea kidogo, ikagundua iko peke yake, ikasimama. Akasikiliza mpaka mwisho. Akaniashiria nirudie. Akasikiliza tena. Machozi yalimtoka jicho moja tu, la kushoto, akayafuta kwa kanga kwa hasira kana kwamba ni inzi.

"Gitaa lako kinyumenyume ni zuri kuliko la kwenda mbele," alimwambia mama.

Mama alishindwa kucheka.

"Nisikilizeni. Miaka minane nimeogopa jambo moja. Mjukuu wangu akija kupewa ile kaseti, atampenda bibi aliyemo, halafu atanitazama mie na mnong'ono wangu aone ni mtu mwingine. Sasa hapo pamebaki wazi." Akapumua, maana maneno mengi humchosha. "Nitaingia mie. Hivihivi nilivyo."

"Kwa kunong'ona?" nilisema, nikajuta.

"Kwani Sesilia, wewe unanisikia au hunisikii?"

"Nakusikia, Bi Zamo."

"Basi na kaseti itanisikia."

Siyo rahisi hivyo, na Fundi Jabiri, tulipompitia njiani kurudi, alitueleza kwa nini. Kaseti ina mvumo wake wa asili, shshsh, hata ikiwa mpya. Mtu anayeimba kwa nguvu anaufunika. Lakini mnong'ono na mvumo wa kaseti ni ndugu wa tumbo moja; ukiurekodi mdogo, hutajua wapi bibi anaishia na wapi utepe unaanza. Ilitakiwa maikrofoni karibu kabisa na mdomo, sauti ipandishwe mpaka mwisho, na ikipandishwa hivyo itashika kila kitu: friza, feni, ndala, kikohozi cha jirani. Na gitaa la mama halikuwa na ruhusa ya kunguruma hata chembe, maana pale kwenye ubeti wa pili lingelala pembeni ya mnong'ono, na mwenye kelele ndiye angesikika.

"Mtapata wapi kimya Kiwalani?" aliuliza. Hakutegemea jibu.

Jibu alikuwa nalo Bi Zamoyoni. Jumapili, mama alipotoka misa na yeye alipomaliza swala ya adhuhuri, tulikuwa na muda mpaka alasiri. Alijifunga kanga, akazunguka nyumba ile mlango kwa mlango, kisha ya jirani, kisha ya ng'ambo ya uchochoro. Mimi nilimfuata nyuma. Kila alipofika, watu walinyamaza kumsikia, na wakishanyamaza akawa anawaambia wabaki hivyo.

Mama Eliaichi anauza maziwa mgando na barafu. Friza yake ndiyo iliyokuwa ikinguruma kuliko zote. "Nizime friza, mama Nassibu? Na joto hili?"

"Kidogo tu, mwanangu. Nataka kuimba."

Mama Eliaichi alitazama ile shingo yenye kovu. Alizima, akafunika friza kwa blanketi mbili, akasema yakiyeyuka tutayanywa.

Edgar, fundi wa kuchomelea mageti, alikuwa na geti la mteja juu ya magogo, cheche zinaruka. Akainua miwani yake. "Bibi, geti la watu hili, linatakiwa jioni."

"Litakuwa geti hata kesho. Mie kesho sina uhakika."

"Aa, bibi, usinitishe na kifo mchana wote huu!" Lakini alishazima mashine, na kwa hiari yake akaenda kusimama kwenye kona ya uchochoro kuzuia bodaboda. Nilimwona kutoka dirishani, mtu mzima amenyanyua mikono miwili kama trafiki, anawaonyesha madereva ishara ya kidole mdomoni.

Tulizima taa. Tulizima feni. Simu zote tukaziweka kwa mama Eliaichi. Nilisafisha hedi kwa spiriti, pamba ikatoka nyeupe, nikasafisha tena. Mama akachomeka gitaa kwa waya moja kwa moja kwenye mashine, nikapandisha sauti ya njia ya nne na kusikiliza kabla hajagusa uzi.

Hakukuwa na kitu. Nasema hakukuwa na kitu, na hadi leo najua ni nani na nani waliokitengeneza kile kitu ambacho hakikuwepo: mama mwenye maziwa yanayoyeyuka, kijana mwenye geti la watu, wapangaji kumi na kitu waliokaa kwenye vitanda vyao mchana wa Jumapili wakizuia pumzi. Sikupata nafasi ya kuwashukuru wakati ule, kwa sababu kushukuru kunatoa sauti.

Mama alikosea mara ya kwanza, na ya pili ndege ikaingia. Haikuwa na madhara kwa gitaa la waya, lakini mikono yake iliisikia ikasita. Bi Zamoyoni, ambaye anazijua ndege kama watu wanavyojua jogoo wao, alinyoosha kidole kimoja: bado moja. Ikapita. Mara ya tatu mama alipiga wimbo mzima. Kila noti ilisimama peke yake, ina mwanzo na ina mwisho. Kwenye ubeti wa pili, nilipotarajia ajaze lile shimo kwa ufundi, aliondoa mkono. Akapiga noti moja, akangoja, nyingine, akangoja. Alikuwa anamtengea mtu mahali pa kukaa.

Ikabaki sauti. Kazi yangu ilikuwa kubonyeza kitufe cha njia ya kwanza ngoma inapoishia na kukiachia kabla ya kiitikio. Nikichelewa kuachia, nafuta na kiitikio cha zamani. Kidole kilekile. Nikamtazama mama nikitaka anipokee.

"Bonyeza wewe," Bi Zamoyoni alinong'ona. "Ndiyo maana nimekuita. Ukimwondoa mtu kwenye kiti, wewe ndiye umkalishe."

Akasogeza maikrofoni mpaka ikagusa mdomo. Ubeti wa kwanza ukapita kwenye hedifoni zetu. Ngoma. Nikabonyeza.

*Siku nitakayohama, kamba nitakuachia;*
*ukianika, tazama, upande wangu tumia.*

Hakujaribu kuimba. Aliyasema maneno kwenye mapigo, pumzi tupu, na noti za mama zikawa zinamjibu moja moja. Sindano ilipanda, ikagusa nyekundu, ikarudi. Kwenye neno la mwisho pumzi ilimkatika katikati, akalimalizia kwa iliyobaki. Niliachia. Kiitikio cha mwaka 2003 kikaingia kwa kishindo, kizima, hakuna silabi iliyopungua.

Nikaondoa mikono yote miwili kwenye mashine, nikamwachia mama kaseti. Mama ndiye aliyeirudisha. Alishusha njia ya tatu, ile yenye friji la padri, akaiacha chini, akampa mwenzake hedifoni, naye akasikiliza akiwa amefumba macho. Ubeti wa kwanza aliupokea kwa kutikisa kichwa kwa adabu, kama unavyomsalimu mtu mliyefahamiana zamani. Ulipofika wa pili alifungua macho, akamtafuta mama, akamshika mkono, akaubana juu ya goti lake mpaka wimbo ukaisha.

"Genoveva," alisema. "Gitaa safi."

"Ahsante, shoga yangu."

"Mie ndiye wa kushukuru. Rudisha."

Nilirudisha kaseti mpaka mwanzo kabisa, nikaweka kidole tayari. Akanigonga kifundo cha mkono kwa ukucha.

"Siyo huko. Anzia ubeti wa pili."

Nikasogeza mbele, nikapatafuta, nikapapata. Dirishani kichwa cha mama Eliaichi kilitokea, kikauliza kwa ishara kama sasa awashe friza. Mama akatikisa mkono: bado. Mama Eliaichi akaketi chini ya dirisha, mgongo ukutani, akangoja pamoja nasi.